Kitambaa cha Shingoni

Obdulia Rebolleda alikipata cheo cha uprofesa miaka miwili kabla ya kumpoteza mama yake, na mama mwenyewe alikuwa hai, mzima, anapika na kufua. Hilo ndilo jambo la kuogopa. Aliyefiwa hupewa pole, huletewa chakula, hukaliwa matanga. Huyu hakuna aliyempa pole, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba amefiwa.

Alizaliwa Villarmuña, kijiji cha nyumba za udongo katikati ya ngano za Kastilia, ambako upepo hauna wa kuuzuia na mtu akija kwa miguu unamwona nusu saa kabla hajafika. Baba yake, Froilán, alichunga kondoo wa watu na alikufa kwa kifua mtoto akiwa na miaka minne. Akabaki na mama yake, Teófila, wakawa chanda na pete. Kitanda kimoja, bakuli moja, shali moja wakipokezana kwenda kisimani.

Teófila hakuwa na mali, ila alikuwa na heshima ambayo hata mke wa meya hakuwa nayo. Alikuwa mmoja wa wavishaji wanne wa Bikira.

Bikira wa Villarmuña ni sanamu ya mti, ya zamani, nayo huvaa nguo za kushonwa kama mtu. Huvaa zambarau Kwaresima, nyeupe Pasaka, na joho la buluu la nyuzi za dhahabu siku yake yenyewe, tarehe nane Septemba. Uso wake na mikono yake kila mtu anaijua. Kilichomo ndani ya nguo wanakijua wanawake wanne tu, na nafasi hiyo hurithiwa, mama kwa binti. Siku ya kumbadilisha, wanaume wote hutoka kanisani, padri akiwa wa kwanza, na mlango hufungwa kwa ufunguo. Ndani hapasemwi neno. Kila mvishaji hubana pini zake midomoni, na mwenye pini midomoni hana la kusema.

Obdulia alipofika miaka saba aliingizwa ndani kushika kikapu, uso ukutani. Alisikia hariri ikichakarika nyuma ya mgongo wake, akasikia wanawake wakipumua. Walipokuwa wakirudi nyumbani akauliza.

"Mama, yukoje?"

"Nani?"

"Bikira. Ndani ya nguo."

"Yuko kama utakavyokuwa wewe ukiacha maswali."

"Utaniambia lini?"

"Siku nitakayokupa ufunguo. Nikifika sitini."

"Mbona mbali hivyo."

"Mbali kwako. Kwangu mimi ni juzi tu. Tembea, mwanangu, moto utazimika."

Yule mtoto hakusahau. Wako watoto ukiwanyima pipi hulia wakalala, na wako ambao hukua na ule mkono mtupu. Obdulia alikuwa wa namna ya pili.

Mwalimu wa kijiji aliona kichwa chake kikoje, akamwandikia barua za kumwombea nafasi kwa masista wa Palencia, na kutoka Palencia akaingia chuo kikuu, Valladolid. Teófila alimsindikiza hadi barabarani kila muhula, amembebea jibini na mkate uliofungwa kwa kitambaa, na kila muhula alirudi peke yake akijiambia kwamba ni kwa heri. Mzazi akishaanza kujiambia kwamba jambo ni la heri, ajue tayari moyo unamkataza.

Huko chuoni Obdulia alichagua wachonga sanamu wa zamani wa Kastilia. Wenzake walisoma sanamu kwa macho. Yeye alisoma mikataba. Enzi hizo kijiji kikitaka sanamu, kilimwita mwandishi wa serikali, kikaandikisha kila kitu, mti gani, urefu shibiri ngapi, nywele zianguke vipi, rangi gani. Makaratasi hayo yamo kwenye maghala ya kumbukumbu, yameliwa na panya na yameandikwa kwa mkono wa kutatanisha. Obdulia aliinama juu yake miaka kumi na tano. Alichokipata alikiandika kwenye kadi, kadi akazipanga kwenye masanduku ya viatu, na masanduku yakajaa chumba hadi kitanda kikahamia ukumbini.

Kulikuwa na bwana mmoja wa reli, Abundio, mtu mpole, aliyekuwa akimngoja kila Jumapili nje ya ghala la kumbukumbu na mfuko wa njugu za kuchoma. Alingoja miaka miwili, kisha akaoa kwingine. Obdulia alikuja kugundua baada ya miezi mitatu, alipotaka njugu.

Basi akiwa na miaka thelathini na minane, cheo cha profesa kikatangazwa, na washindani walikuwa watano, yeye mwanamke peke yake. Mwezi huo huo, ndani ya furushi la mwaka 1623, akakuta mkataba wa kijiji chake. Bikira wa mti wa jozi, shibiri saba, kazi ya fundi Gaspar de Olmeda, "nywele zishuke mabegani, na mikunjo ya joho ianguke kama maji." Fundi huyo hakuna kazi yake hata moja iliyokuwa imejulikana ilipo. Obdulia alisoma mara tatu. Kumbe kazi ya Olmeda ilikuwa imesimama nyuma ya mgongo wake alipokuwa na miaka saba.

Ila karatasi bila picha haitoshi. Akapanda basi kwenda nyumbani, mwezi wa nane, jua la kuchoma kichwa.

"Mama, ule ufunguo uko wapi?"

Teófila alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Ulipo siku zote. Wa nini?"

"Nataka nimwone."

"Umekuja kilomita zote hizi kumwona Bikira? Mwendee Jumapili kama watu."

"Ndani, mama."

Kisu kikasimama. "Obdulia. Bado miaka miwili nifike sitini. Ngoja."

"Miaka miwili nitakuwa nimeshindwa. Usaili ni mwezi wa kumi. Ni sasa au basi. Wale wanaume wanne wana baba zao, wana wajomba zao, mmoja amekula chakula na waziri. Mimi nina nani? Nina wewe."

Mama ukimwambia hivyo atafanya nini? Teófila alifuta mikono. Wakangoja saa tisa alasiri, kijiji chote kimefunga madirisha kimelala, wakapita kwenye kivuli cha ukuta kama wezi wa kuku. Ndani ya kanisa mama alifunga mlango, akapiga goti, akaomba radhi kwa sauti, kisha akaanza kumvua Bikira. Joho, gauni, gauni la ndani, shumizi. Alipofika shingoni, kwenye kitambaa cheupe cha lasi kilichofungwa kuzunguka, akaacha.

"Na hicho?" Obdulia aliuliza.

"Shingoni usiguse."

"Lakini mama—"

"Nimesema usiguse. Tazama, umalize, twende."

Na Obdulia hakuuliza kwa nini. Macho yalikuwa yamekwisha kushuka kwenye ule mwili, kwenye mikunjo ya joho la mti iliyochongwa, rangi yake ya zamani bado mbichi kama ya jana. Ilianguka, naam, kama maji. Aliipima sanamu kwa shibiri, ikaja tano, si saba. Akajijibu mwenyewe hapo hapo kwamba walimkata miguu zamani ili nguo zimkae vizuri. Sanamu nyingi zilifanyiwa hivyo. Mtu anayetaka jambo liwe huwa na jibu mkononi kabla ya swali. Akatoa kamera kwenye mkoba.

"Hicho nini?" mama akasema.

"Ni ya macho yangu tu. Nisisahau."

"Niapie."

"Ya macho yangu tu, mama. Naapa."

Akapiga picha sita. Teófila aligeuza uso ukutani hadi mlio wa kamera ulipokoma.

Cheo alikipata. Wale wazee wa kuhoji walipitishiana picha mkono kwa mkono, na mmoja alitoa miwani akaifuta. Picha zilipokwisha kutoka mkobani zikawa si zake tena. Mwaka uliofuata zikaombwa kwa kitabu, naye akasema moyoni, Villarmuña nani ananunua kitabu cha chuo? Kitabu kikatoka Agosti 1981. Picha ya kumi na nne, ukurasa mzima, Bikira bila nguo zake, na chini yake maneno ya Obdulia akiisifu mikunjo.

Aliyeileta kijijini ni mpwa wa padri, aliyesoma gazeti la Palencia. Gazeti lilikuwa limeitoa ile picha, kubwa, juu ya matangazo ya matrekta.

Obdulia alikuja kwa sikukuu ya Septemba, hajui kitu, amevaa suti mpya na kumletea mama yake kitabu kimefungwa kwa karatasi ya zawadi. Aliposhuka kwenye basi alipitia duka la mikate. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza.

"Endeleeni kuongea," akasema Primitiva, mkubwa wa wavishaji, mwanamke mwembamba wa ulimi mkali. "Mpisheni profesa. Yeye hapangi foleni, yeye huingia watu wakiwa wamelala."

"Bi Primitiva, shikamoo. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Tulikuwa tunazungumza habari za mitindo. Wewe unaonaje, nikienda kuoga niache mlango wazi? Labda na mimi nitatoka gazetini."

Wengine wakacheka bila furaha. Mmoja akasema, "Wewe Primi, kwako hata wino wangekunyima." Primitiva hakucheka. Alimgeukia Obdulia, akasema jambo ambalo Obdulia hakulielewa kwa miaka ishirini na tano.

"Na tena anaisifu mikunjo. Yesu wangu. Mikunjo."

Nyumbani alimkuta mama yake amevaa nguo nyeusi, ameketi sebuleni, chumba ambacho hukaliwa na daktari wa wanyama na wakusanya kodi. Jana yake wale wavishaji wengine watatu walikuwa wamekuja kuuchukua ufunguo. Mama alikuwa ameushika miaka thelathini na saba. Hawakumtukana, walisimama mlangoni, Primitiva akanyoosha mkono, naye akauvua shingoni akampa.

"Mama," Obdulia alisema.

"Karibu, Daktari. Kaa. Safari ilikuwaje?"

Hiyo ndiyo adhabu, na haikuwahi kuwa na nyingine. Hapakuwa na kelele wala laana. Laiti angepigwa. Kahawa ililetwa kwenye vikombe vya wageni, biskuti kwenye sahani, na saa moja baadaye mama akatazama saa ya ukutani na kusema, "Usije ukaachwa na basi." Jikoni hakumkaribisha. Kitanda chao cha zamani hakikutajwa. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo Teófila alifika sitini, na siku hiyo Obdulia alipiga simu dukani ili mama aitwe, wakamwambia mama yuko kazini, na kazi hana.

Alidhani yatapita. Kila mkosaji hudhani hivyo, kwamba muda ni maji na doa litatoka lenyewe. Alikuja Krismasi, akapewa vikombe vya wageni. Pasaka vivyo hivyo. Alipojaribu kuomba radhi, mama aliinuka akaenda kuangalia kuku. Alipoandika barua ya kurasa tisa, jibu lilikuja kwa mkono wa mwalimu, "Nimepokea barua ya Daktari. Hapa hatujambo. Mvua imekawia." Akaacha kuja Krismasi. Kisha akawa anakuja mara moja kwa mwaka, siku ya wafu, akipitia kaburi la baba yake ili awe na sababu.

Huku Valladolid mambo yalimnyookea. Vitabu vinne. Mwaliko wa kuhutubia Lisboni, mwingine Roma. Wanafunzi walimwogopa na kumnukuu. Picha ya kumi na nne ikaingia kwenye kila kitabu cha sanamu za Kastilia, na chini yake jina lake. Jioni alirudi kwenye nyumba yake ya ghorofa ya tatu, akala dengu za kopo amesimama, kwa kuwa meza ilikuwa ya kadi. Jirani wa chini, mjane, alikuwa akisema kwamba nyumba ya profesa ni tulivu hadi unaweza kudhani haina mtu. Alikuwa anasifu.

Alifika sitini na tano, mwaka 2006, na ndipo wadudu wa mti walipoula mkono wa Bikira ukadondoka mbele ya watu siku ya Alhamisi Kuu. Wanakijiji wakaogopa, wakakubali sanamu ipelekwe kwa mafundi wa kuganga sanamu. Mafundi wakaipiga eksirei. Aliyeitwa kuzisoma zile picha alikuwa Darío Bustillo, mwanafunzi wa zamani wa Obdulia, kijana aliyekuwa na adabu hata akiwa na habari mbaya. Alikuja nyumbani kwake, akaketi ukingoni mwa kiti kati ya masanduku ya viatu.

"Mwalimu, sijui nianzie wapi."

"Anzia mwisho. Nitarudi nyuma mwenyewe."

"Kichwa ni mti wa jozi. Ni cha karne ile, kinaweza kabisa kuwa cha Olmeda." Akameza mate. "Mwili ni msonobari. Ni kazi ya karibu zaidi, ya karakana ya kawaida, miaka mia na zaidi baada yake. Umeunganishwa kwa misumari miwili, hapa." Akagusa shingo yake mwenyewe. "Palikuwa na kitambaa?"

Obdulia alikuwa amesimama tena ndani ya kanisa lile, saa tisa alasiri.

"Mikunjo yote ni ya mwili," Darío akasema polepole. "Kitabu chote kimesimama juu ya mikunjo. Lazima niandike, mwalimu, nisipoandika mimi ataandika mwingine bila heshima. Ila nimefikiri. Wewe ni wa pale. Mama yako alikuwa mvishaji. Lazima kuna mtu anajua ule mwili ulitoka wapi na kwa nini. Ukiniambia, tunaandika pamoja, wewe jina la kwanza. Haitakuwa kosa tena, itakuwa ugunduzi mpya. Nipe mwezi mmoja, nitakungoja."

Kesho yake alipanda basi. Teófila alikuwa na miaka themanini na minne, mdogo kama mtoto, ila macho hayakuwa na ukungu. Akamtengea kiti sebuleni. Obdulia hakukikalia.

"Mama, kwa nini ulinikataza nisiguse shingo?"

Yule mzee aliweka mikono juu ya aproni. Kuku walisikika nje. Kisha akasema, "Miaka ishirini na saba. Ndiyo leo unaniuliza."

"Ndiyo leo."

"Siku ile uliniuliza ufunguo uko wapi. Hukuniuliza yeye ni nani."

Akamweleza, na alieleza bila kupumzika, kama mtu anayetua mzigo ngazi kwa ngazi. Mwaka 1911, kwenye kuvisha kwa mkesha wa sikukuu, mshika kikapu alikuwa msichana wa miaka tisa, naye aligeuka kutoka ukutani ili aone. Kiwiko kikagonga mshumaa. Hariri ilishika moto kama majani makavu. Wanawake waliokoa uso na mikono. Mwili ukawa mkaa. Nje watu walikuwa wanapiga ngoma. Wale wanne hawakutoa sauti. Mmoja alitoka kwa mlango wa nyuma na punda, akaenda hadi kanisa lililobomoka la kijiji cha jirani, akachukua mwili wa mtakatifu fulani wa kike aliyekuwa amekosa kichwa, akamfunika kwa magunia. Kabla ya alfajiri Bikira alikuwa amesimama, amevaa joho la pili, na kitambaa shingoni. Hakuna aliyejua hadi leo, ila wavishaji.

"Msichana yule alikuwa nani?" Obdulia aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Mama yangu. Bibi yako Severa. Aliniambia akiwa anakufa, ndiyo nikapewa ufunguo. Na mimi nilikuwa nikuambie wewe, nikifika sitini. Nilikuwa nimeshapanga na maneno." Akapangusa kitu ambacho hakikuwapo kwenye aproni. "Kitabu kilikuja miezi mitatu kabla."

"Ulijua kwamba nimeandika uongo. Ukaniacha."

"Niliapa, Daktari. Wengine tukiapa, tumeapa."

Obdulia aliketi, si kwenye kiti, kwenye kizingiti. Akamweleza habari za Darío, jina la kwanza, mwezi mmoja. Hakuficha kitu. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo ukisema, utabaki profesa. Na usiposema?"

"Nitakuwa yule mwanamke aliyeshindwa kuona msumari."

"Na Severa?"

"Nikisema, Severa atakuwa gazetini. Na wale wa kijiji cha jirani watakuja kudai mwili wao."

"Watakuja kesho asubuhi. Hao hata jembe walilotuazima mwaka wa vita bado wanalidai." Yule mzee akainuka. "Basi lako ni saa kumi na mbili. Fanya utakavyofanya. Mimi sikuombi kitu. Niliwahi kukuomba."

Kwenye basi Obdulia aliandika maneno ya kumpelekea Darío mara nne, akayachana mara nne. Hakuna mtu angemlaumu. Wazee waliohusika wote walikuwa wamekufa, na ukweli ni ukweli, yeye alikula kiapo cha aina hiyo pia, cha kutafuta ukweli. Angeweza kujitetea mbele ya jopo lolote. Ila alijua kwamba hoja zote hizo alizitumia mara moja, na zilikuwa nzuri vile vile mwaka 1981.

Alimwandikia Darío mistari miwili. "Uko sahihi, nilikosea. Juu ya mwili sina la kusema, andika ulichokiona."

Makala ilitoka vuli. Darío aliandika kwa upole, lakini upole haufuniki kosa, na wengine walioifuata hawakuwa na upole. Wapo waliosema kwamba mtu aliyezaliwa pale, mama yake mvishaji, asingeweza kutojua. Kwamba alificha makusudi ili apate cheo. Mwaliko wa Roma uliondolewa kwa barua fupi. Chuo kilikuwa kimepanga kumwandalia hafla ya kustaafu, na hafla ikawa inaahirishwa hadi hakuna aliyeitaja. Simu ilikoma. Jirani wa chini hakuona tofauti.

Villarmuña nako watu walishangaa siku mbili. Wakasema ah, zamani walikuwa wanabadilisha badilisha, wakaendelea na kuvuna. Teófila alimwita binti wa muuza duka, akamketisha jikoni, akamwambia amsomee ile makala yote, na tanbihi zake, neno kwa neno. Kusoma kulichukua mchana mzima. Mzee alikuwa anasikiliza jina moja, la mama yake, na mwisho wa ukurasa wa mwisho hakuwa amelisikia.

Jumapili iliyofuata Obdulia alikuja. Alibisha mlango wa mbele kama alivyozoea. Sauti ikatoka nyuma ya nyumba.

"Kuko wazi huku. Pita, nina mikono ya kitunguu saumu."

Alipita. Mama alikuwa anakatia mkate wa jana kwenye sufuria. Hakusema amesamehe, wala hakumkumbatia. Alisogeza kigoda kwa mguu.

"Umekonda," akasema. "Mnakula nini huko mjini, kadi?"

"Dengu za kopo."

"Ndiyo maana. Piga yai hilo. Hapana, si hivyo, unalipiga kama una ugomvi nalo."

Wakala supu. Obdulia akaenda na basi la saa kumi na mbili, akarudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Kila Jumapili aliuliza jambo moja, naye mama alijibu. Baba alikuwa anaimba nini akiwa na kondoo. Nani alishona lile joho la buluu. Severa alikuwa na sauti gani. Lile jambo la Abundio mama alikuwa analijua, kumbe yule bwana aliwahi kuja hadi kijijini kumwona, na Teófila alimpa njia ya kurudi kituoni na jibini nusu. Wakacheka hadi mama akakohoa.

Lilikuwapo swali moja ambalo Obdulia alikuwa akija nalo kila safari na kurudi nalo. Alitaka kuuliza mama alikuwa anakula nini, na nani, mikesha ile yote ya Krismasi. Aliona haya. Alijiambia, na wengi wetu hujiambia hivyo, kwamba muda upo, kwamba aachie baridi ipungue, mama awe na nguvu, aulize Jumapili ijayo.

Jumapili zao zilikuwa kumi na nne. Ya kumi na tano Primitiva, mzee wa kutembelea fimbo, alikuwa anamngoja kituoni, kavaa nyeusi, na kabla basi halijasimama Obdulia alikwisha kuelewa. Wakatembea pamoja barabara yote, upepo ukiwapiga ubavuni. Karibu na nyumba Obdulia akasimama.

"Bi Primitiva, Krismasi zile, alikuwa anakula na nani?"

Primitiva alifikiri. "Sijui, mwanangu," akasema. "Sisi tulikuwa hatuongei naye."